DIT Mwanza na habari ya ngozi

Ukitaja DIT (Dar es Salaam Institute of Technology), wengi wanawaza Dar es Salaam: chuo cha ufundi kilichoanza 1957, kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Kampasi ya Mwanza ina sifa yake, nayo ni usindikaji wa ngozi. Kanda ya Ziwa ina ng'ombe wengi, kwa hiyo si ajabu.

Fani hii wengi huidharau mpaka waione kazi. Ngozi mbichi ikikosa chumvi kwa saa chache tu kwenye joto la huku, manyoya huanza kung'oka yenyewe, bakteria wameshaingia. Ngozi ya kilo 20 inataka chumvi kilo 6 hadi 7, ikitandazwa upande wa nyama juu. Baadaye chokaa ya kutoa manyoya, kisha asidi, ndipo kromu, kemikali inayoifanya ngozi isioze. Kupima kama kromu imeingia, kata kipande sehemu nene, kitie kwenye maji yanayochemka dakika 2. Kikijikunja, kromu haijaiva ndani, rudisha ngozi kwenye pipa la kromu.

Tundu la kisu cha mchunaji, hata hivyo, halina dawa. Hapo hata injinia hoi.

Na sangara je? Ngozi yake nayo husindikwa, ila mafuta yatolewe kwanza.