Wazee na Jukwaa la Super Bowl
Tarehe 7 Februari 2010 nilikuwa sebuleni kwa binamu yangu, Minneapolis, tukitazama Super Bowl, fainali ya ligi ya soka ya Kimarekani, iliyochezwa Miami kati ya New Orleans Saints na Indianapolis Colts. Wakati wa mapumziko walipanda jukwaani The Who, bendi ya Waingereza iliyoanza miaka ya 1960, na vijana waliokuwapo wakaanza kulalamika kwamba wazee hao walipaswa kubaki nyumbani na wajukuu wao. Mwimbaji wao, Roger Daltrey, alikuwa na miaka 65, na mpiga gitaa, Pete Townshend, 64. Nakiri kwamba sauti ya Daltrey ilikwaruza na haikufika tena kule ilikokuwa ikifika zamani. Lakini Townshend alipozungusha mkono wake kama pangaboi, akizipiga nyuzi za gitaa kila mkono uliposhuka, binamu yangu, ambaye hakujua hata neno moja la nyimbo zao, aliweka chini sahani yake ya sambusa akasimama.

Tangu siku hiyo siungi mkono hoja ya umri. Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, alikuwa na miaka 62 bendi yake ilipotumbuiza kwenye Super Bowl ya Detroit mwaka 2006, na hakuna aliyemwona amechoka. Tatizo ninaloliona mimi ni muda: katika dakika 12 hivi za onyesho la mapumziko, bendi hulazimika kukatakata nyimbo zake, na msikilizaji mgeni hapati nafasi ya kuelewa kwa nini zimependwa miaka yote hiyo. Wapewe angalau wimbo mmoja mzima, waupige mpaka mwisho.