Daftari Kwenye Kamba ya Nguo

Mvua ya Alhamisi ile ilianza kabla sijatoka kitandani. Kufika saa nane mchana Kariakoo haikuwa soko tena, ilikuwa mto wenye maduka pembeni. Bosi akafunga, akasema kila mtu ajue namna ya kufika kwake. Nikakimbilia Gerezani kupanda mwendokasi, nikakuta kituo kimefurika watu na basi hakuna hata moja. Jangwani pamejaa, wakasema, hapavukiki. Mimi nilikuwa nimepanga Kimara.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba 2017, nina miaka 24. Simu imeisha chaji, tumboni sina kitu tangu saa kumi na moja alfajiri, na ndani ya shati, nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nina kaunta buku kwenye mfuko wa rambo.

Niieleze kwanza hiyo kaunta buku. Dukani tulikuwa tunauza vifaa vya shule, kwa hiyo niliipata kwa bei ya jumla: kwaya mbili, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu. Nilikuwa nasali na kikundi cha maombi kilichokutana ghorofani, juu ya duka la matairi, na kila mmoja wetu alikuwa na daftari lake. Kurasa zilipigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza Maombi, saa mbili kwa siku. Ya pili Neno, sura tano. Kisha Kufunga. Kushuhudia, watu wawili. Zaka. Umetimiza, unaweka vema ya bluu. Hujatimiza, unaweka kosa jekundu. Jumamosi jioni kiongozi anapitia na kusaini. Ukiwa na makosa zaidi ya matatu kwa wiki, unasimama mbele ya wenzako unajieleza.

Nisiwaonee. Nilipougua malaria watu wale walinipikia uji siku nne mfululizo, na mmoja alilala sakafuni kwangu usiku homa ilipopanda. Daftari lenyewe lilinisaidia mwanzoni, maana mimi ni mtu wa kulala mpaka jua linichome. Shida ilianza niliposhindwa. Nilikuwa nimeingia mfungo mkavu wa siku 21, bila hata maji mpaka saa kumi na mbili jioni, na kanuni ilikuwa ukivunja siku moja unarudi kuhesabu moja. Mara ya kwanza niliangukia siku ya sita, kwenye sahani ya chipsi mayai pale Mwenge. Wala sikuwa na njaa ya kufa mtu. Ni ile harufu, na namna yule kijana alivyopasua yai la pili kwa mkono mmoja juu ya kikaango. Mara ya pili ilikuwa siku ya kumi na moja, chupa ya maji baridi, niliimaliza nimeinama nyuma ya maboksi stoo kama mwizi. Mara zote mbili nilisimama mbele. Ile ya pili nilisimama nikiwa nimeshaapa moyoni kwamba hii ya tatu ikishindikana, ndiyo basi. Si kikundi tu. Ndiyo basi na Mungu mwenyewe, kwa kuwa ilishaonekana wazi mimi siwezi masharti yake.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya 17.

Sasa nimesimama Gerezani, maji yamefika vifundoni, na mtu pekee niliyeweza kumfikia kwa miguu alikuwa bibi yangu, Ilala, karibu na Amana. Nilikuwa sijamwona miezi minne, na haikuwa bahati mbaya. Pale kikundini mtu kama yeye aliitwa mtu wa dini tu, na hata kwenye hiyo dini alikuwa ametengwa.

Bibi ni wa Machame, Mlutheri wa kuzaliwa. Babu mzaa baba alifariki mapema, na mwaka 1994 bibi akafunga ndoa ya bomani na mzee mmoja wa Kizaramo, Mwislamu, fundi cherehani. Usharika ukamtenga: aje ibadani, ila asishiriki Meza ya Bwana. Basi akaja ibadani. Kila Jumapili, benchi la mwisho, upande wa mlango. Mzee ndiye aliyekuwa akimsindikiza mpaka getini, halafu anavuka barabara, anakaa kwa muuza kahawa anacheza bao hadi watu watoke. Ramadhani ikifika bibi anapika futari. Mzee alipooza, akauguzwa miaka miwili, akafariki 2013. Haukupita muda wazee wa kanisa wakaja: sasa njia iko wazi, mama, simama mbele siku moja, utubu, urudi kundini. Bibi akawakaribisha chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nitubu nini jamani? Kumgeuza yule mzee kitandani?" Wakanywa chai, wakaaga. Jumapili iliyofuata yuko benchi la mwisho.

Kuna ukaidi hapo, sikatai. Ni wa Machame huyo.

Nikashika Barabara ya Uhuru, nikapita Karume ambako wauza mitumba walikuwa wanakimbiza marobota kichwani, nikafika kwake nimelowa mpaka soksi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo mafuriko yamekuleta."

Hakuuliza nimepotelea wapi. Alinipa kitenge nijifunge, akamimina chai ya tangawizi, akaweka mezani sahani ya mihogo ya kuchemsha inayofuka moshi.

"Bibi, nimefunga."

"Umefunga nini, duka?"

"Nimefunga. Kwa maombi."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. "Mpaka saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Haya." Akachukua kawa, akafunika sahani, akakaa. Na yeye hakula. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilitegemea anibembeleze ili nimkatalie, nipate kaushindi kadogo ka kuandika kwenye daftari. Yeye akakaa tu mikono mapajani, chai yake inapoa, mvua inapiga bati, mimi meno yanagongana kwa baridi ambayo Dar haina.

Saa kumi na moja na dakika ishirini nikanyoosha mkono mwenyewe, nikafunua kawa.

Muhogo wa kwanza niliula nikilia. Wa pili nilikuwa nimeshanyamaza, maana ilikuwa mihogo ya haja, ile inayopasuka ikiiva na kuwa kama unga mdomoni. Bibi akasogeza chumvi na pilipili.

Ndipo nikamweleza yote, nikamtolea na daftari. Rambo lilikuwa na tundu. Vema zangu za bolpeni zilikuwa zimesalimika, lakini makosa, ambayo niliyaandika kwa kalamu nyekundu ya jeli, yalikuwa yameyeyuka na kusambaa mpaka kurasa za wiki ambazo sikukosea chochote.

"Hii damu?"

"Wino, bibi."

Alivaa miwani, akapekua taratibu kama anayesoma barua ya msiba. Akaweka kidole chini ya ukurasa. "Saini ya nani?"

"Ya kiongozi."

"Na lake yeye anasaini nani?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza.

Akaingia ndani, akarudi na Biblia yake iliyovaa jalada la kitenge alilolishona mzee, akanifungulia Wagalatia 5 nisome kwa sauti. Nikasoma: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa."

"Kongwa unaijua?"

"Ya Dodoma?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akainuka, akatanua vidole viwili kama panda ya manati, akanikaba navyo shingoni chini ya kidevu, taratibu. Vilinukia tangawizi. "Mti wenye panda. Shingo inakaa hapa. Huku nyuma wanakomea, usichomoke. Mpini unatangulia mbele, mrefu, hata kulala unalala nao." Hakuviondoa vidole. "Mimi Mchaga ningeyajulia wapi? Mzee ndiye aliyenieleza. Aliyasikia kwa wazee wake. Akasema na hili neno, *alituandika*, usilipite haraka. Enzi ya Mjerumani huku pwani mtumwa akikombolewa anaandikiwa hati ya uhuru. Anatembea na karatasi yake." Akaachia shingo yangu. "Sasa wewe una karatasi, halafu kila Jumamosi unapanda ghorofani kuuliza, jamani, na wiki hii bado niko huru?"

Mafungu hayo nilikuwa nayajua. Waefeso 2, kwamba mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo", niliikariri darasa la kipaimara, nikaijibia na mtihani. Lakini nilikuwa nimeiweka kama geti la kuingilia. Ukishaingia, kazi kwako. Haikunijia kabisa kwamba ile ile iliyonifungulia ndiyo iliyotakiwa kunilisha humo ndani, siku ya sita, na ya kumi na moja, na ya 17.

Nikamuuliza kilichokuwa kinanikera kuhusu yeye. "Bibi, wamekunyima meza miaka yote hiyo. Kwa nini hukuacha?"

"Niache nini? Meza si yao. Wao wamepewa zamu ya kugawa." Akapuliza chai iliyokwisha poa zamani. "Ningekuwa naenda kwa sababu nimefaulu, ningeacha mwaka ule ule wa tisini na nne."

Usiku ule nililala kwenye kochi. Asubuhi nikakuta ameitundika kaunta buku kwenye kamba ya nguo, imebanwa vibanio viwili, katikati ya suruali yangu na kanga zake. Jirani mmoja akapita akauliza kama ni vitabu vya Vikoba. Bibi akajibu, "Ndiyo, vya mjukuu. Anadaiwa."

Ijumaa maji yalikuwa yameshapungua. Nilienda kazini, na jioni nikarudi Ilala tena nikasingizia Jangwani. Jumamosi saa za kusainiwa simu iliita mara sita. Ya saba nikapokea, nikasema nimekula. Kiongozi akauliza nimekula lini. Nikasema, tangu Alhamisi. Akanyamaza, kisha akasema wataniombea, na naamini waliniombea kweli. Daftari lilipokauka karatasi zilikuwa zimejikunja kama kabichi, haziandikiki tena. Bibi alikuwa na meza ya karanga za kukaanga pale nje, akazifanya za kufungia. Kwa hiyo kuna mtu alitembea Ilala akitafuna karanga kutoka kwenye Jumatano yangu moja ya Septemba.

Tangu hapo sikugeuka hodari wa maombi, nisidanganye. Kuna wiki napitiwa kabisa. Kufunga nafunga bado, na kuvunja navunja. Nikivunja, kesho naendelea pale nilipoishia, sirudi moja. Ila sijakaa tena kupiga hesabu ya kuondoka.

Jumapili tulienda wote. Ilikuwa ya Matengenezo, na si ya kawaida, maana Jumanne yake ilikuwa inatimia miaka 500 tangu Martin Luther atoe hoja zake 95 kule Wittenberg, tarehe 31 Oktoba 1517. Kanisa lilijaa mpaka viti vya plastiki nje. Mchungaji akahubiri neema vizuri, akaeleza vyeti vya msamaha vilivyokuwa vikiuzwa kwa watu enzi hizo, mtu analipa anapewa karatasi. Bibi akaniegemea. "Chako kimekauka?" Nikashindwa kuzuia kicheko, mama wa mbele akageuka.

Nami nikatazama benchi letu. Ibada nzima ya neema, na bibi yangu yuko nyuma karibu na mlango. Nadhani wengi walikuwa wanamwona. Tulishazoea tu.

Wakati wa Meza ya Bwana wazee wakaanza kuita benchi baada ya benchi. Likafika letu. Mimi sikuwa nimezuiliwa na mtu. Nilikuwa nimejizuia mwenyewe tangu chipsi za Mwenge. Bibi akanisukuma kwa kiwiko.

"Nenda."

"Bibi, sijajiandaa."

"Waangalie wale wanaorudi. Unaona aliyejiandaa?"

Nikatazama. Baba mmoja alikuwa anarudi huku anahangaika kuzima simu. Nikaenda. Nikapiga magoti, nikapokea mkate, nikapokea divai, sikusikia radi wala moto wowote, magoti tu yaliniuma kwa sababu ya sakafu.

Niliporudi alinisogezea nafasi, akangoja nikae, akanong'ona, "Divai yao ikoje?"

"Kali kidogo, bibi. Inachachua."

Akafikiri. "Basi wamebadilisha. Mimi yangu ilikuwa tamu," akasema, akalamba midomo, akafungua kitabu cha nyimbo kutafuta namba iliyotangazwa.