Mike McDonnell na kura ya 33 kule Nebraska

Bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, lina chumba kimoja tu na maseneta 49. Kwenye karatasi ya kura chama cha mgombea hakiandikwi, lakini pale Lincoln, makao makuu ya jimbo, kila mtu anajua nani ni wa upande gani. Namba ya kushika ni 33. Wachache wakirefusha mjadala ili muswada ukwame, hoja ya kufunga mjadala inahitaji kura 33. Ukipata 32, muswada umekufa, hata kama wanaopinga ni 10 tu.

McDonnell alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo 2016 kutoka kusini mwa jiji la Omaha, akiwa Democratic. Aliwahi kuwa mkuu wa zimamoto wa jiji, na ni mtu wa vyama vya wafanyakazi damu damu. Lakini kwenye utoaji mimba hakwenda na wenzake.

Aprili 2023 muswada wa kupiga marufuku utoaji mimba kuanzia takriban wiki ya 6 uliambulia kura 32. Yake ilikuwamo, na miongoni mwa waliojizuia kupiga kura alikuwamo Republican mmoja. Mwezi uliofuata ukaja wa wiki 12, umefungwa pamoja na masharti ya matibabu ya kubadili jinsia kwa vijana. Huo ulipita kwa 33: Republican wote 32, na yeye.

Mapema 2024 chama chake cha Democratic kikapitisha azimio la kumkaripia. Aprili akahamia Republican, na ikasemwa kwamba sasa wamefikisha 33. Kwa suala la mimba kura hiyo walikuwa nayo tangu Mei 2023! Kilichobadilika ni jina kwenye daftari la wapiga kura.

Kipimo halisi kilikuja Septemba. Nebraska ina wajumbe 5 wa kumchagua rais: 2 wa mshindi wa jimbo zima, 3 wa wilaya za bunge la taifa, mmoja kila wilaya. Republican walitaka mshindi abebe wote 5, kwa sababu wilaya ya Omaha huweza kwenda Democratic, kama 2008 na 2020. Lindsey Graham, Republican wa Seneti ya taifa, alisafiri hadi Lincoln kuwashawishi. McDonnell akakataa: zikiwa zimebaki siku 43 kabla ya uchaguzi, sheria haibadilishwi. Bila yeye 33 haipatikani, kikao maalumu hakikuitishwa, na Novemba mjumbe wa Omaha alikwenda kwa Kamala Harris, mgombea wa Democratic.

Kwa msimamo huo namheshimu. Alipogombea umeya wa Omaha 2025, alishika nafasi ya tatu. Wanaoingia duru ya pili ni wawili.