Usinitumie mimi kuwa ushahidi

Mama mkwe wangu hana neno baya. Akipiga simu kutoka Lira anauliza kazi, anauliza mvua za Jinja, kisha anafika pale pale: "Mwanangu, mnangoja nini? Kila mtoto huja na sahani yake." Namwitikia kwa heshima, maana najua anaongea kwa mapenzi. Ila sahani haijawahi kuninyima usingizi. Mimi na mume wangu tuna kazi, na chakula hakijatushinda. Kinachoninyima usingizi ni damu. Tulipima kabla ya ndoa na majibu yakatoka yanafanana: yeye AS, mimi AS. Sote wawili tumebeba sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa upande wa mzazi mmoja tu, na sote wawili ni wazima.

Hatuko peke yetu. Utafiti uliofanywa Uganda nzima mwaka 2014 na 2015 kwa kupima damu za watoto wadogo ulikuta takriban 13% wamebeba, na huku kwetu Busoga na kule kwao Lira idadi iko juu zaidi. Wawili kama sisi wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Ndugu wengi wanaielewa vibaya hesabu hiyo. Wanadhani ukizaa wanne, mmoja ataugua na watatu wamepona. Mimba haijui iliyotangulia ilitoa nini. Wazazi wangu walizaa watano, na wawili walikuwa SS, yaani waliirithi pande zote mbili na wakaugua: dada yangu, aliyefariki akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, na kitindamimba wetu, ambaye sasa ni mtu mzima na ni fundi cherehani.

Nimekua na ugonjwa huu ndani ya nyumba, kambini, ambako baba alikuwa askari na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa kila kabila. Maumivu yakimpata mdogo wangu huanza mapajani au mgongoni. Chembe za damu zinapinda umbo la mundu, zinaziba mishipa midogo, na mwili ulio mbele ya hapo unakosa oksijeni. Hapigi kelele mwanzoni. Ananyamaza, anakunja vidole vya miguu, na shuka likimgusa anaomba uliondoe. Mama alikuwa akijaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, anazifunga kwa kanga na kuzipanga kando ya mapaja yake, huku anamsihi anywe maji, kikombe baada ya kikombe, mpaka kupambazuke na apatikane wa kutupeleka hospitali. Usiku mmoja nilimsikia akimuuliza mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini alimzaa. Mama hakujibu. Alitoa chupa iliyopoa akaweka nyingine.

Huyo huyo, Jumamosi mchana, utamkuta chini ya mwembe anacheza mweso na wazee. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na yeye anazihesabu kwa macho tu. Akiona njia ya kula kete za mwenzake anaanza kutabasamu kabla mkono haujaondoka, na mzee aliyekaa mbele yake anajua mambo yamekwisha. Wanapiga kelele, wanasukumana, wanadai mchezo urudiwe. Nimemtazama akicheka hivyo, na sijaona furaha pungufu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ana mchumba pia. Binti ni AA, hakubeba kabisa, kwa hiyo watoto wao wote watabeba tu, hakuna atakayeugua. Yeye mgonjwa anaweza kuzaa bila hofu hii, na mimi mzima siwezi.

Basi nilimuuliza. Nilikwenda kibandani kwake akiwa anashona sare za shule, nikamweleza majibu yetu, nikamuuliza kama maisha yake yamestahili. Akasimamisha cherehani. "Dada, mimi nafurahi nipo. Lakini usinitumie mimi kuwa ushahidi. Mimi ni yule aliyebaki."

Neno hilo limekaa nami. Tunapopima raha na shida za dunia, tunawauliza waliopo, na wengi waliopo watasema maisha ni matamu. Asiyekuwepo na lake halipo. Dada yangu hakuishi hata kujifunza kulisema jambo kama hilo. Sehemu kubwa ya siku alizopata zilikuwa homa, macho ya njano, na sindano. Nikitaka kuwa mkweli lazima nimhesabu naye, na nikimhesabu, siwezi tena kusema kwa wepesi kwamba raha zimezidi. Kwa mdogo wangu huenda zimezidi. Kwa dada yangu sioni namna. Wala raha ya mmoja haiwezi kulipia maumivu ya mwingine, kana kwamba walikuwa mtu mmoja.

Kuna wenye jibu tayari. Mwanafalsafa wa Afrika Kusini, David Benatar, alitoa hoja yake kwa kirefu mwaka 2006: maumivu yasipokuwepo ni jambo jema hata kama hakuna wa kulifurahia, lakini raha isipokuwepo si jambo baya, kwa sababu hakuna aliyeikosa. Kwa hiyo asiyezaliwa hana hasara yoyote, na aliyezaliwa anayo. Wazo lenyewe ni la kale. Mhubiri, katika sura ya 4, anawatazama wanaoonewa na machozi yao, anaona wafu ni heri kuliko walio hai, na heri zaidi ni yule ambaye bado hajawahi kuwako. Yamo kwenye Biblia ile ile tunayosomewa kanisani siku za ubatizo, ila hiyo siku haisomwi.

Nusu ya hoja hiyo naikubali kabisa. Mtoto wangu ambaye hajatungwa hanililii. Hayupo mahali anangoja kuitwa. Kwa hiyo siwezi kusema nitamzaa kwa faida yake, na sipendi tena kusikia wazazi wakisema hivyo. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu mtu akishakuwepo hoja hiyo haina cha kumwambia. Mdogo wangu hataki kufutwa. Anataka dawa, anataka harusi, anataka Jumamosi nyingine.

Tena damu hii yenyewe inanichanganya. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya na kufanya kazi yake hapa Uganda pia, alionyesha kwamba anayebeba sikoseli bila kuugua ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea huku kwenye mbu wengi. Inawezekana kabisa bibi yangu aliponea utotoni kwa sababu ya kile kile kilichomuua mjukuu wake. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali mpango huo.

Mambo yanabadilika, na hilo linanipa moyo kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kila watoto 1000 waliozaliwa Uganda, takriban 150 hawakufika miaka mitano. Takwimu za 2022 zinasema 52. Mtoto mchanga anaweza kupimwa kwa matone ya damu ya kisigino kwenye karatasi, akaanzishiwa penisilini mapema. Ipo haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu, na majaribio ya hospitali ya Mulago, Kampala, yaliyotolewa matokeo 2017 yalionyesha haiongezi malaria kama ilivyohofiwa. Ipo mofini ya maji kwa maumivu makali, na tangu 2004 wauguzi waliosomea huduma ya kutuliza maumivu wanaruhusiwa kuiandika bila kumngoja daktari. Ningetamani mama angekuwa nayo usiku ule. Lakini dawa hazifiki kila kituo, damu ya kuongezewa huisha, na moja kati ya nne inabaki pale pale.

Nilipofikia sasa ni hapa: tunazaa kwa ajili yetu. Tunataka kuitwa mama Fulani, tunataka jina la babu liendelee, tunataka wa kutuzika, na tunataka pia, nalisema bila aibu, kupenda mtu mdogo. Sioni ubaya katika kutaka hivyo. Ubaya ni kugeuza kibao baadaye na kumwambia mtoto ana deni. Huku kwetu mtoto anakumbushwa tangu akiwa shule ya msingi: nilikubeba, nilikulipia karo, usinisahau. Mimi naona deni linakwenda upande wa pili. Aliyeleta mtu duniani bila kumuuliza ndiye mdaiwa, na kadiri alivyojua hatari ndivyo deni linavyokuwa kubwa. Mama yangu hakujua. Siku zile hakuna aliyempima. Sisi tunajua, karatasi ziko kabatini.

Mume wangu anataka tuanze mwakani. Nimemwambia nitakubali kwa masharti, naye hakubisha hata moja. Tuhamie karibu na kliniki ya sikoseli, pesa ya dawa ya mwaka mzima iwe pembeni kabla ya mimba, na mtoto apimwe wiki ya kwanza. Sote wawili tujifunze kupapasa bandama. Mama ameanza kunionyesha: chini ya mbavu za kushoto, vidole vimelala, unangoja mtoto avute pumzi. Bandama ikijaa damu ghafla mtoto anaweza kufa siku hiyo hiyo, na mara nyingi anayegundua kwanza ni mkono wa mzazi. Mtoto akiwa SS, mmoja wetu ataacha kazi ya safari. Mume wangu amesema ataacha yeye. Na mwaka ukiisha kabla hatujatimiza hayo, tutamlea binti wa marehemu shemeji, ambaye tayari analala kwetu likizo zote, na sitatafuta mwingine wa kuniita mama.