Siku moja maishani mwangu: ng'ombe, mbwa na miadi ya jioni

Saa kumi na robo alfajiri. Siweki kengele kwenye simu, kazi hiyo nimewaachia ng'ombe. Leo aliyeniamsha ni Masika, na haikuwa njaa. Mlio wake wa njaa naujua: mfupi, wa kununa, unakatika akisikia ndoo. Huu ulikuwa mrefu, wa kuvuta, unarudi kila baada ya muda. Nikachukua tochi nikatoka. Bandani nikamkuta mtamba (jike ambaye hajazaa) kampanda, na yeye katulia tuli, hasogei hata hatua. Nyuma yake ute mwangavu unaning'inia kama ute wa yai.

Kwa asiyefuga hayo ni mambo ya wanyama tu. Kwangu ilikuwa ni miadi. Ng'ombe akionekana na joto, yaani yuko tayari kupandwa, asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ukizembea, unasubiri siku 21 nyingine, na siku zote hizo anakula pumba na mashudu yako. Watu wanaona kufuga ni nguvu za kubeba majani. Majani mtu unaweza hata kulipa ukaletewa. Saa ndiyo huwezi kumlipa mtu akakushikia.

Nikaanza kukamua. Maji ya vuguvugu, kitambaa (kila ng'ombe na chake), halafu michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi nitazame kama kuna mabonge. Ukishaosha kiwele maziwa yanashuka, na una dakika tano hadi saba hivi. Simu ikiita hapo, iite tu. Masika alitoa lita sita badala ya nane zake, maana ng'ombe mwenye joto hana raha. Nikimaliza nawajazia hori palepale ili wasilale, kwa sababu tundu la chuchu huchukua kama nusu saa kujifunga, na akilala kwenye kinyesi kabla ya hapo umeukaribisha ugonjwa wa kiwele mwenyewe.

Adhana ya alfajiri ilinikuta nanawa mikono.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kituo cha kukusanyia maziwa, baiskeli na madumu ya aluminiamu. Muheza yetu watu wanaijua kwa machungwa, lakini asubuhi mji ni wa maziwa: baiskeli, bodaboda, akina mama na ndoo zao. Kituoni hakuna undugu. Laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, inazama, inasoma. Maziwa safi hukaa kwenye 28 hadi 32 hivi, na aliyeongeza maji anaumbuka mbele ya foleni nzima. Halafu inakuja alkoholi, maziwa yaliyoanza kuchacha yanaganda papo hapo. Yaliyopita yanaingia kwenye tenki la kupozea, yakingoja gari la kwenda kiwanda cha Tanga Fresh, Tanga mjini, kama kilomita 35 kutoka hapa.

Niseme kidogo hapa, maana vijana hudhani ng'ombe hawa wa maziwa walikuwepo tangu enzi. Wengi walienea mkoani kwetu miaka ya 1980 na 1990, wakati wa mradi wa serikali na Waholanzi. Ulikuwepo na utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, akizaa jike unamtoa kwa jirani. Mama yangu aliingia kwa njia hiyo. Masika ni wa ukoo wa ng'ombe yule, na mbele ya mama hathubutu mtu kumwita "ng'ombe wa baba".

Nyumbani nikakuta chai ya maziwa na mihogo. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshamnywesha ndama, sketi ya shule kaikunja asiichafue. Mdogo analia kiatu kimoja hakionekani. Kikapatikana kwenye hori. Msiniulize.

Saa tatu ndiyo ilianza kazi isiyo na malipo. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea mtaani siku za chanjo ya kichaa cha mbwa. Walinichagua kwa sababu moja tu: ati mtu anayeshika ng'ombe hawezi kushindwa na mbwa. Ni uongo. Ng'ombe anakupiga teke halafu yamekwisha. Mbwa anakutazama usoni kwanza, anakupigia hesabu.

Tulikaa chini ya mwembe karibu na ofisi ya mtaa: meza, daftari, kadi, boksi la barafu lenye chanjo. Afisa mifugo wetu ni dada mmoja mchapakazi ambaye mji mzima unamwita Daktari, naye ndiye huyohuyo anayepandisha ng'ombe kwa mrija wenye mbegu za dume. Kwa hiyo kabla sijafungua daftari nikamvuta pembeni.

"Daktari, Masika analia tangu alfajiri. Amesimama kabisa."

"Umeuona ute?"

"Mwangavu, hauna usaha."

"Saa kumi na moja jioni, kaka. Ila hawa wakiisha mapema."

Nikatazama foleni. Haikuwa na dalili ya kuisha mapema. Huku kwetu Waislamu wengi hatufugi mbwa ndani, lakini wenye mashamba juu milimani, upande wa Amani, hawawezi kulima mahindi bila mbwa. Ngedere mchana, nguruwe pori usiku. Basi wameshuka nao, wamefungwa kamba za mkonge, minyororo, mmoja amefungwa kwa kanga ya mama wa watu.

Akaja mtoto wa miaka kama kumi, mbwa wake ni mkubwa kumzidi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbwa anaitwa nani?"

"Utajiju."

Watu wakacheka, mimi nikaandika kwenye kadi kwa hati nzuri: Utajiju. Huyo Utajiju akakubali kila kitu isipokuwa mkono wangu. Mtoto akampigia magoti, akamziba macho kwa kiganja, akamnong'oneza sikioni, na sindano ikaingia bila hata kunguruma. Nimeshika ng'ombe miaka mingi, sijawahi kuwa na utulivu ule.

Mzee mmoja aliuliza kama chanjo itamfanya mbwa wake awe bwege, asibweke tena usiku. Daktari akamjibu kwa adabu kuwa atabweka vilevile. Mimi kazi yangu ni kurudia yale tunayoyarudia kila mwaka, maana ndiyo yanayookoa mtu: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usisubiri uone kama mbwa atakufa. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, dawa hakuna. Hili nalisema kwa sauti kubwa kuliko yote, hata wanaopita njiani wasikie.

Saa saba na nusu nikarudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kopo mkononi.

"Hapo hapo, usisogee. Udongo huo, maji hayo."

Jasho, mate ya mbwa, mikono na shati vyote vimelowa. Ikabidi nioshe mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu inavyofundisha, pale kando ya mgomba, watoto wa jirani wakihesabu kwa sauti. Walipofika tano mmoja akadai nimeruka, nikaanza upya. Shati likaoshwa peke yake. Baada ya swala nikala wali wa nazi na samaki. Mke wangu analalamika kila mwaka, na kila mwaka ndiye anayenikumbusha tarehe ya chanjo.

Mchana ulipita kwenye majani. Kiangazi cha Januari mabingobingo yamedumaa, na kaskazi linakausha hata yale ya bondeni. Nilikata niliyopata, nikaongeza matawi ya lukina na mabua ya mahindi. Majani yakipungua maziwa yanapungua, na joto nalo linamkatisha ng'ombe hamu ya kula, kwa hiyo siku hizi ndoo za maji ndizo nazihesabu kuliko mizigo ya majani.

Saa kumi nikakamua tena. Saa kumi na moja ikafika, Daktari hayupo. Saa kumi na moja na nusu, hayupo. Nikazunguka banda, nikafagia palipokwisha kufagiliwa. Masika katulia, halii, mimi ndiye niliyekuwa na mlio.

Pikipiki ikasikika karibu na magharibi, mtungi wa naitrojeni unaotunza mbegu zilizogandishwa umefungwa nyuma kwa mipira. Mbwa wa mwisho alikuwa amekata kamba, wakamfukuza hadi relini. Daktari akatoa mrija, akauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu dakika, akaukausha asiache tone. Akavaa glavu ndefu ya begani. Mimi nilishika mkia. Kazi yenyewe haikuzidi dakika tano, akakataa chai, akaondoka na taa ikiwaka.

Usiku, watoto wakifanya kazi za shule mkekani, nikatoa kalenda. Binti akachukua kalamu: siku 21 mbele akachora duara, hapo ndipo tutamtazama kama anarudi kwenye joto. Akilala kimya, tuhesabu miezi tisa na siku kadhaa, atazaa mwishoni mwa Oktoba, vuli zikiwa zimeanza na majani yanachipua. Ndiyo maana sikutaka joto hili linipite. Mke wangu akaitazama kalenda, akauliza kesho chanjo ni mtaa gani. Nikamwambia ng'ambo ya reli. Akasema basi nipitie dukani kwanza, sabuni imekwisha.