Mamiya begani, kutoka Lushoto hadi Mtae

Ukitoka Mombo barabara inaanza kupanda papo hapo. Kona baada ya kona hadi Soni, kisha Lushoto, na muda wote huo shanta langu lilikuwa mapajani. Kondakta alitaka kulipandisha kwenye keria. Nikamwambia, "Kaka, hili niachie, ni vyombo vya kazi." Akaniachia. Ndani mlikuwa na Mamiya RB67, kamera ya filamu ya 120, ile pana, ambayo ikiwa kamili, na lenzi na kasha la filamu, inazidi kilo mbili na nusu. Keria si mahali pake. Mtikisiko wa gari unalegeza skrubu za lenzi kidogo kidogo, ilhali mwili wa mtu unaumeza mtikisiko huo. Ndiyo sababu hata kwenye bodaboda sikubali begi lifungwe nyuma kwa mpira, nalivaa.

Tulikuwa na safari ya miguu mbele yetu: Irente, msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi, mpaka Mtae. Mwenzangu ni dada mpiga picha wa Tanga, anatumia kamera ya Rolleiflex, nyepesi zaidi, kama kilo 1.2. Kijana mwenyeji wa Lushoto alituongoza. Watu wengi hutuuliza kwa nini tunajitesa na vyuma hivi wakati simu ipo mfukoni. Jibu liko kwenye hasi, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa: kipande cha sentimita sita kwa saba kinabeba ngozi ya mti, ukungu na uso wa mtu kwa utulivu ambao sijauona kwingine. Ila picha hiyo utaipata tu kama bega halijakufa kabla hujafika.

Kazi ya kwanza niliifanya Tanga kwa fundi wa viatu. Mikanda iliyokuja na kamera za zamani ni myembamba, na mkanda mwembamba ukibeba kilo mbili na nusu shingoni unakata kama waya. Nilinunua mkanda wa usalama wa gari kwenye duka la spea za mitumba, ule wenye upana wa karibu sentimita 5. Hauvutiki, haukatiki upesi, na umesokotwa laini. Fundi akashonea sponji ngumu na ngozi sehemu inayokaa begani. Ugumu ulikuwa ncha zake, kwa sababu vishikizo vya pembeni vya RB67 vina umbo lake na havipokei pete ya kawaida, kwa hiyo tulikata vibanio vya mkanda wa awali na kuvishonea kwenye ule mpya, uzi mara mbili. Kuna wanaoning'iniza kamera kwa skrubu ya chini, pale inapofungwa stendi ya miguu mitatu. Mimi kwa kamera nzito sipendi, maana kila hatua inaizungusha skrubu hiyo, na ikifunguka kuna jiwe linasubiri.

Mkanda unavaliwa kwa kukingamisha, kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto, shingo isiguswe kabisa. Nikiteremka, nafunga kamba ya pili kiunoni, juu ya kamera, ili isipige nyonga. Kwenda Irente nilivaa hivyo tu, bila shanta. Njia ni fupi, na pale mwisho ardhi inakatika ghafla na Mazinde inaonekana chini kabisa, na tambarare inaenda mpaka macho yachoke. Jua lilikuwa linashuka. Kamera ilikuwa mkononi mara moja, na hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu mwanga ule haukukaa.

Magamba ni habari nyingine. Kule ni kupanda, na kwa kupanda bega halitoshi hata mkanda uwe mpana vipi. Uzito lazima uhamie kwenye nyonga. Shanta langu lina mkanda wa kiunoni ulionenepa. Naufunga kwanza, juu ya mifupa ya nyonga, ndipo navuta mikanda ya mabega, na hiyo siikazi sana. Kamera inakaa ndani karibu kabisa na uti wa mgongo, katikati ya mgongo, nguo na chakula nje yake. Ukiiweka mbali na mgongo inakuvuta nyuma na unatembea umeinama bure. Lenzi niliitoa (kwenye RB67 unakoki kwanza shata, kile kilango cha kupitisha mwanga, kabla ya kuitoa) ili mzigo uwe bapa. Stendi upande wa kushoto, chupa ya maji upande wa kulia.

Mwenzangu alinifundisha jambo moja zuri huko msituni: kanga. Alifunga Rolleiflex yake kwenye kanga iliyokunjwa, ndani ya begi. Ilizuia vumbi na kugongana, na wakati wa kubadili filamu aliitandaza kichwani na mabegani akapata kivuli. Filamu ya 120 haina kopo la chuma kama ile ndogo ya milimita 35. Inalindwa na karatasi tu, kwa hiyo kuibadili juani ni kuialika nuru kwenye kingo zake. Mbega tuliwaona, juu sana, na lenzi yangu ya kawaida haiwafikii. Tuliwatazama tu, na ilitosha.

Tukipumzika nilimsimulia mwongozaji wetu kuhusu kamera za Hasselblad zilizokwenda mwezini na Apollo 11 mwaka 1969. Suti ya mwanaanga ilikuwa na kishikio kifuani cha kupachika kamera, mikono ikabaki huru. Na wakati wa kurudi, makasha ya filamu yalichukuliwa, kamera ya kutembelea mwezini ikaachwa huko huko ili kupunguza uzito. Alinyamaza kidogo akauliza, "Kwa hiyo mpaka leo ipo kule?" Ipo.

Kifua ndicho mahali pa Rolleiflex pia, na hilo lilionekana sokoni Lukozi. Katikati ya mafungu ya kabichi na karoti, shanta ni kero kwa kila mtu, nikaliacha kwa mwongozaji kibandani. Mwenzangu alifupisha mkanda mpaka kamera ikakaa juu ya kitovu. Unainamisha kichwa kutazama kioo cha juu, unasukuma kamera mbele kidogo hadi mkanda ukaze shingoni, na inatulia kabisa, hata kwa kasi ndogo ya shata. Mkanda mrefu haukupi utulivu huo. "Shikamoo mama," alimsalimia muuza viazi. "Marahaba mwanangu. Hicho kisanduku ndiyo nini?" Akakikaribia, akachungulia mwenyewe kwenye kioo, akaona soko lake limegeuka kushoto kulia, akasema sasa apigwe yeye.

Rangwi tulilala kwa masista, na asubuhi nikasikia mwili unasemaje: magoti yalilalamika, mabega hayakulalamika. Kutoka hapo hadi Mtae njia inapanda na kushuka bila kukoma, nikawa nabadilisha. Penye mteremko mrefu kamera inarudi shantani. Tukikaribia kijiji inatoka, lenzi inapachikwa, inakwenda begani. Kubadilisha kunachukua dakika chache, nami naona ndiko kunakookoa mwili, kwa sababu mahali pamoja pakibeba uzito siku nzima pataumia tu, hata mkanda uwe bora namna gani.

Mtae imejengwa juu ya ukingo, mteremko huku na huku, na chini ni tambarare za Mkomazi. Nilitumia stendi, roli nzima, picha kumi. Tuliporudi Tanga mkanda nilimpelekea fundi aongeze ngozi pale begani palipoanza kulika, na mwenzangu ameagiza wa kwake, mfupi kuliko wangu.