Siku moja na jiliwa la drili

Saa moja asubuhi

Kabla sijawasha mashine yoyote karakanani, huwa napitisha kidole kwenye sakafu ya jiliwa la drili, kile kibanio cha chuma kinachoshika kazi kwenye meza ya mashine ya kutobolea. Sakafu ile haifichi kitu. Jiliwa letu la zamani lina vishimo kumi na kimoja, na kila kishimo ni siku ambayo mtu alisahau kuinua kazi yake, biti inayotoboa ikapenya chuma na kuendelea hadi kwenye jiliwa lenyewe. Kimoja ni changu, nakikumbuka vizuri.

Leo tuna kazi mbili na uamuzi mmoja. Kuna mabano 24 ya chuma bapa chenye unene wa mm 8, kila bano matundu mawili ya mm 10. Kuna vyuma sita vya duara, kipenyo mm 20, vinavyotakiwa kutobolewa ubavuni. Na kuna majiliwa matatu yaliyoletwa tuyajaribu, tubaki na moja. Hili la zamani limechoka.

Saa mbili

Tunaanza na mabano. Kijana ninayemfundisha kazi ameshapiga alama zote kwa panchi, kile chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo, na amezipiga vizuri, wima na kwa nguvu moja. Ninachotaka akione ni kile kinachotokea jiliwa linapokazwa.

Naweka vipande viwili vya chuma vyenye kimo sawa kwenye sakafu ya jiliwa, bano linalala juu yake, nakaza. Kisha namwambia asukume vile vipande kwa kidole. Kimoja kimebanwa. Cha upande wa taya linalosogea kinateleza kana kwamba hakuna kitu juu yake.

"Mbona nimeona umekaza sana, fundi?"

Nimekaza, ndiyo. Lakini taya linalosogea, likiwa limechakaa, hunyanyuka kidogo linapobana, na hunyanyuka pamoja na kazi. Kwa jicho hutaona. Tundu litatoka limeinama, na bolti itakapoingia utashangaa kwa nini kichwa chake hakilali. Nachukua nyundo ya plastiki, nagonga bano juu, upande ule ule, mara mbili tatu, tena kwa upole. Namwambia ajaribu tena. Safari hii vipande vyote viwili vimeshikwa, havisogei. Hapo ndipo tunapotoboa, si kabla.

Jiliwa nimelifunga mezani kwa bolti, na pembeni mwa taya nimeweka kizuizi kidogo ili kila bano likae palepale lilipokaa lililotangulia. Matundu mawili yako umbali sawa kutoka ncha mbili za bano, kwa hiyo tukimaliza moja tunaligeuza tu. Tunapitisha biti ya mm 4 kwenye mabano yote kwanza, kama mizunguko 2,000 kwa dakika. Kisha tunahamisha mkanda unaoamua kasi ya mashine, hadi mizunguko 800 hivi, na kuingiza ya mm 10. Biti kubwa inalikuta tundu dogo lilipo, kwa sababu jiliwa halijasogea hata unywele.

Saa nne

Kijana anauliza swali nililokuwa nalingoja: kwani lazima bolti? Jiliwa ni zito, mkono unalishika.

Nazima mashine. Swali hili silijibu huku inazunguka.

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza kazi nilikuwa natoboa bamba jembamba la shaba ya manjano. Jiliwa lilikuwa dogo, nimelishika kwa mkono wa kushoto, bolti hakuna. Biti ilikata vizuri mpaka ncha ilipotokea chini. Hapo ndipo pabaya. Katikati hakuna tena chuma cha kuizuia, kimebaki chuma chembamba tu cha kingoni, na makali ya biti yanakidaka kama parafujo inavyodaka mbao. Shaba ndiyo mbaya zaidi kwa hilo, inaivuta biti yenyewe bila kusukumwa. Jiliwa zima lilizunguka. Mpini ulinipiga kwenye kifundo cha mkono, na kwa wiki tatu sikuweza kushika tupa.

Namwonyesha mwelekeo. Ukitazama kutoka juu, drili inazunguka kama mishale ya saa, na kazi ikidakwa itafuata njia hiyo hiyo. Upande wa kushoto utarushwa nyuma kuelekea nguzo ya mashine, na wa kulia utarushwa kwako. Kwa hiyo upande mrefu wa kazi nauweka kushoto ukiegemea nguzo, na bolti nazifunga vilevile. Glavu simruhusu mtu kuvaa mbele ya drili. Biti haikati glavu, inaiviringisha na kuvuta mkono uliomo ndani.

Na tundu linapokaribia kutoboka, punguza mkono. Utasikia sauti ikibadilika.

Saa sita

Sasa majiliwa matatu, yamepangwa kwenye benchi. La kwanza lina mataya mapana ya mm 150, linang'aa. La pili ni lile lenye reli mbili na mipini miwili, linalosogeza kazi mbele, nyuma na pembeni. La tatu ni la mm 100, la kawaida kabisa, la chuma cha kusubu, fupi na zito.

Kijana anaenda moja kwa moja kwenye la pili. Namwelewa, nami nililitamani zamani. Nampa zoezi: lifunge, kisha shika taya ulitikise. Linacheza kwenye reli zote mbili. Ukilisogeza kwa mpini lifike kwenye alama, biti ikigusa tu linasogea tena. Isitoshe ni refu kwenda juu, linakula nafasi kati ya meza na biti ambayo utaihitaji siku ukiweka biti ndefu. Na lina kishawishi kingine: ukiwa nalo utataka kuigeuza drili kuwa mashine ya milingi, kuchonga kwa kusukuma ubavuni. Kichwa cha drili, kile kinachoshika biti, kimeshikiliwa na mchongoko, chuma kinachopungua unene kuelekea ncha, kwa msuguano tu. Kikisukumwa ubavuni muda mrefu kinaweza kudondoka kikiwa kinazunguka.

La mm 150 nalilaza kifudifudi ili tulione tumbo. Limemwagwa jembamba, na juu ya kioo kinene linayumba. Jiliwa linaloyumba likifungwa kwa bolti linapinda, na likipinda taya nalo linaacha kuwa wima.

La mwisho halijayumba. Naweka skwea, kipimo cha pembe mraba, kwenye taya lisilosogea, naliinua dirishani: mwanga hauonekani kati yake na taya. Kwangu taya hilo ndilo jiliwa. Upana na uwazi ni vya kutangazia bei, lakini kazi yote inapimwa kwa ukuta ule mmoja usiosogea. Nabana kipande cha chuma juu kabisa ya mataya na kukaza: taya linalosogea linanyanyuka kidogo mno, kiasi cha kumalizwa na pigo moja la nyundo. Mataya yana mifereji ya pembe, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, kwa ajili ya vyuma vya duara. Mianya ya bolti inaangukia kwenye mianya ya meza yetu. Basi, hili.

Saa saba tunapumzika.

Saa nane

Kulifunga jipya kunachukua muda kuliko watu wanavyodhani. Kwanza nalipitishia tupa kingo za chini, maana kalibu, ile umbo linalomwagiwa chuma, huacha chembe kali zinazoliinua upande mmoja. Skrubu napaka mafuta. Mataya hapana, nayafuta yakauke.

Kisha waya. Nakunja waya mnene kama kiwiko, nafunga ncha moja kwenye kichwa cha drili, nyingine iguse kidogo tu mgongo wa vipande viwili vilivyolala ndani ya jiliwa. Nauzungusha kwa mkono polepole, umeme umezimwa. Ukigusa mbele na kuachia nyuma, meza imeinama. Yetu ilikuwa imeinama kushoto kwa unene wa karatasi. Nalegeza meza, nasukuma, nakaza, nazungusha tena. Mara ya nne waya unakwaruza sawa pande zote.

Saa tisa na nusu

Vyuma vya duara. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Tundu la mm 5 lipite katikati kabisa ya chuma cha mm 20, na kwenye mgongo wa duara biti haina pa kukaa, inateleza kando.

Chuma kinalala kwenye mfereji wa mlalo. Jiliwa halijakazwa mezani bado, bolti zimeshika tu. Nashusha biti, mashine imezimwa, na kati ya ncha yake na chuma naweka rula nyembamba ya chuma. Nabonyeza taratibu. Kama ncha iko katikati, rula inalala kama meza. Ikiwa kando hata kidogo, rula inainama upande mmoja. Nasogeza jiliwa kwa ukucha, nabonyeza tena, mpaka itulie. Ndipo nakaza bolti, napiga alama kwa biti fupi nene isiyopinda, na baada yake ile ya mm 5.

Vitano navifanya mimi, naye anatazama.

Saa kumi na moja

Chenga za chuma tunazifagia kwa brashi, si kwa mkono. Kimebaki chuma cha sita. Kwa hicho tungeweza kuacha jiliwa lilivyo, kipenyo ni kile kile, lakini nalegeza bolti na kulisukuma kando makusudi.

"Haya, weka wewe."

Anashusha biti juu ya rula. Inainama kulia. Anasogeza jiliwa, mno, inainama kushoto. Sisemi kitu. Anainua, anavuta pumzi, anagusa jiliwa kwa kidole kimoja, anashusha tena. Rula inalala. Ananitazama, kisha anafanya jambo ambalo sikumwambia: anakaza bolti nusu, anashusha biti juu ya rula mara nyingine kuhakikisha, ndipo anamalizia kukaza.